Ombi Lisizikwe Kwenye Slaidi ya 27

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa wa ghala katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, nilipewa dakika 20 mbele ya menejimenti kueleza kwa nini tulihitaji foklifti ya pili, yaani mashine ya kunyanyulia mizigo. Niliandaa slaidi 34. Ya kwanza ilikuwa na nembo, cheo changu na tarehe. Ya pili ilikuwa na yaliyomo. Ya tatu ilisimulia historia ya kampuni, ilhali mkurugenzi mtendaji aliyeketi mbele yangu ndiye aliyeianzisha. Nilipofika slaidi ya nne, yenye kichwa "Hali ya Vifaa Ghalani", mama yule aliilaza simu yake mezani, akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unaomba nini?" Nikamjibu, "Samahani mama, nitafika huko." Akauliza tena, "Utafika lini?"

Ombi lenyewe lilikuwa kwenye slaidi ya 27, na siku ile sikulifikia. Mkurugenzi wa fedha aliikamata takwimu moja ya slaidi ya sita, isiyo na uzito wowote katika hoja yangu, tukabishana juu yake hadi mwenyekiti wa kikao alipotaka ajenda inayofuata.

Sikuwa mvivu, nilikesha siku mbili nikiandaa slaidi zile. Kosa lilikuwa katika mpangilio niliourithi shuleni, ambako insha isiyo na utangulizi ilikatwa alama, na katika desturi zetu za mazungumzo, ambako mwenye shida huanza kwa kujulia hali, akaulizia watoto, akagusia mvua, ndipo aitoe shida yake wakati wa kuaga. Barazani huo ni uungwana, wala siombi uondoke. Lakini kiongozi anayesikiliza mawasilisho sita asubuhi moja husikiliza huku akitafuta mambo machache tu: naombwa niamue nini, kitagharimu kiasi gani, na nikikataa itakuwaje. Asipolijua ombi mapema hana namna ya kupima takwimu ipi ni nzito na ipi ni ya kupamba, hivyo hushika ile iliyo karibu na mkono. Mkurugenzi wa fedha hakuwa mkorofi. Mimi ndiye niliyemwachia kitu cha kushika.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba wasilisho la viongozi lianze na jibu, na kwamba kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili yenye kitenzi. "Hali ya Vifaa Ghalani" ni jina la faili, halimwambii mtu lolote. "Mwaka jana tulilipa shilingi milioni 61 kukodi foklifti, na ya kununua ni milioni 85" ni hoja inayoweza kukubaliwa au kupingwa, na mtu akisoma vichwa pekee kuanzia mwanzo hadi mwisho anapaswa kuupata mjadala wote bila kugusa maandishi ya chini. Kipimo hiki hunichukua dakika mbili kabla ya kila kikao, na mara nyingi hunionyesha slaidi ambazo hazina kazi.

Kichwa kibaya kinaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kikao kupotea bure. Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporushwa, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kutoka tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Wanaanga wakiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walichambua uwezekano wa madhara na kuyawasilisha kwa slaidi kwa wasimamizi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Slaidi moja mashuhuri ilikuwa na kichwa kilichowaacha wasomaji na picha kwamba makadirio yalikuwa ya tahadhari, yaani mambo yalielekea kuwa salama. Chini kabisa, ndani ya kitone cha ngazi ya mwisho, yaani nukta ya orodha iliyo chini ya nyingine, kulikuwa na habari ambayo ndiyo iliyostahili kuwa kichwa: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati vipande vilivyotumika katika majaribio waliyoyategemea vilikuwa na inchi za ujazo 3. Ni tofauti ya mara 640, na iliandikwa kana kwamba ni tanbihi. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ilipokuwa ikirejea duniani na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huohuo, iliutumia uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, juu ya slaidi ile na kueleza kwamba si ajabu meneja wa ngazi ya juu kuisoma bila kung'amua kuwa inazungumzia hatari ya uhai. Slaidi haikuangusha chombo, na sababu zilizotajwa katika ripoti ni nyingi. Ila kila ninapoona kitone ndani ya kitone ndani ya kitone, huwa nashuka kwanza kusoma kile cha chini.

Jambo jingine ni majedwali. Nimewahi kusikia, na nimewahi kuitamka mwenyewe, sentensi hii: "Waheshimiwa, najua hamtaweza kusoma vizuri hapa, lakini..." Anayesema hivyo amekiri kosa kabla hajashtakiwa. Jedwali la Eksel lenye safu 14 lililobandikwa ukutani halisomeki na mtu aliye kiti cha tatu, sembuse mjumbe aliyesahau miwani. Liweke kwenye kiambatisho, lichapishe, uwe nalo. Ukutani pandisha tarakimu mbili zinazolinganishwa, zilizokadiriwa hadi milioni iliyo karibu, kwa herufi kubwa. Atakayetaka senti atauliza, na hapo ndipo utaonekana umejiandaa.

Kuhusu lugha nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Katika ofisi nyingi za hapa kwetu slaidi huandikwa kwa Kiingereza, kisha kikao kizima huendeshwa kwa Kiswahili, na mtoa mada hulazimika kutafsiri ukuta wake mwenyewe huku akihutubia. Watu husikiliza kitu kimoja na kusoma kingine, na makubaliano yanapoandikwa kwenye muhtasari kila mmoja huwa na toleo lake. Ikiwa mjadala utakuwa wa Kiswahili, angalau vichwa na ombi viwe vya Kiswahili. Wafadhili na wabia wa nje wanapokuwapo, hilo ni suala jingine.

Wapo walioamua kuziacha slaidi kabisa. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Amazon, alizipiga marufuku katika vikao vya viongozi wake wa juu, badala yake ukaandikwa waraka wa kurasa zisizozidi sita ambao wajumbe huusoma kimyakimya mwanzoni mwa kikao. Nauheshimu uamuzi huo, maana aya haikuruhusu kuficha kiungo kinachokosekana kati ya hoja mbili kama vitone vinavyokuruhusu. Hata hivyo sisi tuna kabrasha. Wajumbe wa bodi hupelekewa makabrasha siku kadhaa kabla, na wengine huyasoma kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro wakiwa kiti cha nyuma. Maelezo marefu mahali pake ni humo. Anayeziandika slaidi zake kama kabrasha, kisha akasimama kuzisoma neno kwa neno, anawarudisha wajumbe kwenye kitu walichokwisha kukisoma, tena kwa mwendo wa polepole zaidi.

Dakika ulizopewa nazo si zako. Ajenda zilizotangulia hula muda, na karibu kila mara mwenyekiti atakuambia, "Mtoa mada, tuna dakika tano." Anayejibu kwa kuzipitisha slaidi haraka haraka huku akisema "hii tuiruke, hii nayo tuiruke" ameonyesha kwamba hata yeye hajui ipi ni ya lazima. Mimi sasa huandaa toleo la dakika tano kwanza, nikalifanyia mazoezi kwa sauti, ndipo nilirefushe.

Miezi minne baada ya aibu ile nilirudi na slaidi tano na nakala nane za karatasi. Umeme ulikatika nikiwa slaidi ya pili. Jenereta iliwaka, lakini projekta ilichukua muda wake kuzinduka, kwa hiyo nikagawa karatasi tukaendelea. Mama mkurugenzi aliuliza gharama za matengenezo, akauliza nani ataiendesha zamu ya usiku, kisha akauliza kwa nini iwe ya mtumba. Mawili ya kwanza nilikuwa nayo. La tatu nilibabaika, na akaligundua. Alisema niende nikalete profoma tatu, yaani hati za bei kutoka kwa wauzaji, mojawapo iwe ya mashine mpya.

Projekta ilikuwa imerudi wakati wa maswali, na ukutani ilibaki slaidi yangu ya mwisho, ambayo kwa mazoea niliiandika "Asanteni kwa Kunisikiliza" na kuiwekea picha ya maua. Ilikaa pale zaidi ya robo saa huku wakijadili fedha, na kila aliyetaka kukumbuka kiasi nilichoomba alilazimika kufunua karatasi. Tangu hapo shukrani naitoa kwa mdomo; slaidi ya mwisho nairudia ile ya ombi, pamoja na kiasi chake na tarehe ya mwisho ya kuamua.