Mgonjwa Akiacha Dawa, Aulizwe Kwa Nini

Mgonjwa wa akili akirudishwa wodini mara ya pili au ya tatu, maelezo huwa mafupi: ameacha dawa. Ndugu anasema hivyo, sisi wauguzi tunaandika hivyo, dozi ileile inaanzishwa upya. Sababu ya kuacha haimo kwenye faili.

Mara nyingi dawa yenyewe ndiyo iliyomkimbiza. Haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, ipo tangu 1958 na inasaidia sana, lakini maudhi yake si ya kubeza. Kijana akiwa siku ya pili tu ya dozi, shingo inaweza kupinda ikalalia bega, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Mama yake anaona jini limerudi. "Dokta, si mnaona wenyewe? Hili si la hospitali." Akichomwa sindano ya kutuliza misuli, mara nyingi shingo inarudi ndani ya nusu saa. Hofu hairudi nyuma haraka hivyo, hasa kama hakuna aliyewaonya mapema.

Kuna jingine linalotuponyoka zaidi. Mgonjwa hawezi kukaa: anahamisha uzito mguu huu hadi ule, anazunguka wodi hadi alfajiri. Ripoti ya zamu inasema "amesumbua usiku kucha," asubuhi dozi inapandishwa. Ikiwa dawa ndiyo inayomtembeza, tumemwaga petroli kwenye moto. Kabla ya kuandika, tumuulize: unatembea kwa kupenda, au miguu inakulazimisha? Wengi hujibu vizuri kabisa, hata wale tuliozoea kusema "hawajielewi".

Olanzapine, dawa nyingine ya akili, nayo hunenepesha na inaweza kupandisha sukari, lakini ni kliniki ngapi za akili zinazopima uzito kila mwezi? Mizani haikosekani, ipo kwa wajawazito, mlango wa pili.

Najua hoja ya wenzangu: muuguzi mmoja, wodi nzima, muda utoke wapi? Ni kweli, na wanaopanga ikama wanapaswa kuibeba lawama hiyo. Ila maswali haya ni ya dakika chache. Hoja ninayoikataa ni ile ya kwamba tukiwaambia maudhi, wataacha dawa. Wanaacha sasa hivi, tena bila kutuaga. Aliyeambiwa kwamba mikono ikitetemeka arudi apunguziwe dozi au aongezewe artane, kidonge cha kutuliza mtetemeko huo, ana sababu ya kurudi.

Kwa sindano ya mwezi ndiyo kabisa. Kidonge unaweza kukiacha kesho. Fluphenazine, dawa ya sindano hiyo, ikishaingia msulini itakaa humo wiki kadhaa. Basi tuulize kabla hatujaivuta kwenye bomba: usingizi, kutetemeka, hedhi iliyokatika, maziwa yanayotoka bila mtoto, nguvu za kiume. Hilo la mwisho wanaume wengi huacha dawa kwa ajili yake wakiwa kimya, na hawatalisema kamwe ikiwa tunawauliza mama mzazi amekaa pembeni ameshika kadi ya kliniki.