Si kweli kwamba nilijificha chooni

Kwanza tuwekane sawa. Jirani yangu Kassim, anayewaambia watu barazani kwamba nilijificha chooni, ni mwongo. Nilikwenda jikoni, tena sikujificha, nilikuwa natafuta kitambaa. Na yule mama wa kituo cha paka hakupiga mayowe ya "mwizi". Alipiga mayowe tu, bila maelezo. Kwa vile ya Kassim mshayasikia, sikilizeni na ya mwenyewe, kabla hayajafika Malindi.

Panya wa Mji wa Kale mnawajua, sina haja ya kuwaeleza. Mke wangu akasema tuchukue paka kwenye kile kituo cha paka waliookotwa: kashachanjwa, kashahasiwa, unachangia kitu kidogo, unajaza fomu, halafu wanakuja kukagua nyumba. Kukagua nyumba! Mimi nilipokwenda kuposa sikukaguliwa. Nikamwambia "sawa, mama", nikaingia chumbani na simu yangu kutafuta paka wa ukoo.

Maana mimi nilimtaka wa Kiajemi. Yule wa manyoya marefu, uso bapa, akikutazama unahisi unamdai samahani. Muuzaji akanitumia picha: mweupe pe, macho yote mawili ya buluu, 25,000, karatasi za ukoo zipo. "Halafu mtulivu ajabu, kaka," akasema. "Hata fataki za Diwali hashtuki." Hilo la fataki lishikeni, tutalirudia. Nikamtumia elfu kumi kwa M-Pesa, arubuni, na mke wangu sikumwambia neno.

(Mnaouliza kwa nini nisichukue wa mtaani: nyie hamjakesha mkisoma habari za paka wa ukoo. Nimesoma mpaka wale wa kwetu, Sokoke, ambao Wagiriama huwaita kadzonzo. Mwaka 1978 mama mmoja mlowezi aliwakuta karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, wakaja kupelekwa Denmark, na 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya paka, likawatambua rasmi. Leo wako Ulaya na vyeti vyao. Bibi yangu wa Kilifi alikuwa akiwafukuza na ufagio.)

Jumamosi mama wa kituo akaja. Mtu mzima, miwani, buibui safi, faili kifuani. Mke wangu katoa mahamri, kahawa na halua ya wageni, ile ambayo mimi huwa siruhusiwi kuigusa. Tukakaa. Mama akafungua fomu.

"Mna mnyama mwingine humu ndani?"

"Hatuna, mama."

"Mmewahi kununua paka, au mna mpango wa kununua?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema "hapana" nikanyamaza. Sikunyamaza. Nilitoa hotuba. Nikasema kiumbe cha Mungu hakiuzwi kama nyanya, nikasema wanaofanya biashara hiyo wataulizwa kesho, nikanukuu na methali ambayo hata haikuhusu. Mke wangu ananitazama kwa fahari ambayo sijaiona tangu harusi. Mama anaandika, anatikisa kichwa, anaandika.

"Hodi!"

Kijana wa boda, helmeti kichwani, kikapu cha sokoni mkononi, kimefungwa kamba. "Kaka, paka wako huyu. Imebaki elfu kumi na tano."

Nikamwambia kakosea nyumba. Akatoa simu, akasoma kwa sauti: jina langu, la baba, la babu, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Nyuma yangu kijiko cha mama kikaacha kukoroga.

Sasa twende polepole. Kamba ikafunguka. Kikatoka kichwa cheupe, kikafuata kiwiliwili, na wallahi nawaambia, mzuri. Akatembea mpaka kwenye kochi, akapanda mapajani pa mama, akaanza kuramba sukari ya hamri. Mama akatabasamu! Kwa dakika moja hiyo nikaona yatapita. Nitasema zawadi. Nitasema amana. Nitasema lolote.

Ndipo dirishani akatokea Sultani.

Sultani si wetu. Ni wa mtaa, ila samaki wetu huwala kama wake. Ana sikio moja halina ncha, na mimi siku zote nimewahadithia watu kwamba lilikatwa vitani na paka watatu wa bandarini.

"Na huyu?" mama akauliza.

Jamani, sijui ulimi ulipata wapi. "Huyo ni… Sokoke. Wa Arabuko."

Akainua miwani. "Mwanangu, huyu ni wa jalala la pale kona. Nilimnasa mimi mwenyewe tukamhasi. Ndio sababu kakatwa ncha ya sikio, tusije tukamnasa tena."

Hata vita vyake vimekuwa uongo. Sikupata nafasi ya kuomboleza, kwa sababu Sultani keshateremka, keshasimama nyuma ya yule mweupe, keshatuna, anatoa ule mngurumo wa kuita majirani. Mweupe hageuki. Anaramba sukari. Mke wangu akasema "Kss! Kss!" Wapi. Kijana wa boda akapiga mluzi. Wapi. Nikapiga makofi, nikaita kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, nikachukua sinia la shaba nikaligonga na mwiko, gwa gwa gwa, mpaka kahawa inatetemeka vikombeni. Hata sikio halikucheza.

Sultani akaruka.

Mweupe alijua kuna jambo alipoguswa mkia, na mahali pa juu kuliko pote sebuleni palikuwa kichwani pa mama. Akapanda. Kwa kucha. Buibui, mtandio, miwani, vyote akavipanda kama ngazi. Sultani naye akafuata kwa upande wa faili. Kahawa ikaenda kifuani, halua ikaenda kwenye fomu. Kassim kusikia sinia akadhani kuna ngoma, akapanda mbio, na alichokikuta mlangoni ni mama wa watu ana paka wawili kichwani, na mimi nimesimama mbele yake na mwiko. Basi hiyo ndiyo picha aliyoibeba.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta kitambaa. Kitambaa kilikuwa mbali.

Nikiwa huko nikasikia sauti ya mama, tulivu kabisa, kutoka chini ya mtandio: "Mwanangu, paka wako ni kiziwi." Akapiga kofi nyuma ya kichwa cha mweupe, kimya. Akaeleza, huku anajitoa halua kwenye ushungi, kwamba paka weupe wenye macho mawili ya buluu wengi wao huzaliwa hivyo. Kile kinachowanyima rangi huharibu na sikio la ndani. Utulivu wa fataki ndio huo, waungwana.

Yaliyobaki upesi upesi. Muuzaji hapatikani. Karatasi za ukoo ni kadi ya chanjo ya mbwa. Kijana wa boda tukamalizana kwa nauli. Mama akasema masikio yana utitiri, amchukue kituoni akatibiwe, nikatia sahihi pale aliponionyesha, bila kusoma, ili aondoke. Usiku mke wangu akasoma nakala: nimemkabidhi paka kwa hiari yangu. Nikimtaka niombe kama mtu mwingine yeyote, na faili langu lina neno limepigiwa mstari mara mbili, mke wangu kaliona, hataki kunitajia.

Sasa kaomba yeye, kwa jina lake. Mdhamini wake ni Kassim. Pale fomu ilipouliza hatari zilizomo nyumbani, kaandika jina langu, na mama kapiga mhuri.