Sabuni haitoi madoa ya maji ya kisima kwenye vioo

Kioo kinapigwa sabuni mara tatu, kikikauka madoa meupe yako palepale. Yataondokaje? Ule si uchafu, ni chokaa iliyobaki baada ya maji magumu ya kisima, yaani yenye madini mengi, kukauka, na sabuni haiyeyushi chokaa. Sabuni ikikutana na maji hayo huongeza utando wake juu ya chokaa hiyo!

Kinachoyeyusha ni asidi: siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Ila watu hupuliza na kufuta papo hapo, siki ikachuruzika bila kufanya kazi. Lowesha tishu kwa siki hiyo, ibandike juu ya doa dakika 15, kioo kikiwa kivulini. Sugua kwa sponji laini, suuza, ukaushe hapo hapo, maana maji yaleyale ya kisima yakikaukia kiooni umerudi ulikoanza. Ukiwa na maji ya mvua, suuzia hayo.

Na hii tabia ya stilwaya na asidi ya choo imetoka wapi? Stilwaya inachora kioo, asidi inakula fremu za alumini. Hata siki isidondokee terazo ya dirishani. Doa la miaka likigoma baada ya siki mara tatu, huenda kioo chenyewe kimeshalika.