Ekseli ya Nyuma Itikiseni Kwanza

Fundi wa kwanza niliyempelekea pikipiki yangu ya matairi manne, hapa Ngamiani, Tanga, hata hakuinama. Aliisikiliza inavyolia nyuma, akasema, "Ekseli imekwenda hiyo, kaka. Tuichomelee." Nikamwachia. Siku ya tisa, kwenye njia za mkonge kuelekea Pongwe, ikakatika umbali wa kidole kimoja tu kando ya mchomeleo.

Mafundi wataninunia, lakini nasema: ekseli haichomelewi. Chuma chake kimepikwa kiwandani makusudi kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Moto wa kuchomelea huvuruga mapishi hayo, na ufa huanzia hapo pembeni.

Tena mara nyingi ekseli yenyewe ilionewa tu. Nazungumzia hizi za cheni, zenye ekseli moja nzima inayozungusha matairi yote mawili. Pandisha nyuma kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza pamoja na ekseli, shuku beringi. Likicheza peke yake, tazama nati na habu, kile kitako kinacholishika tairi kwenye ekseli. Halafu ingiza gia, lisukume tairi mbele na nyuma, jicho likiwa kwenye nati ya katikati: tairi likisogea na nati imetulia, meno ya habu yameliwa, na huenda ukakuta unga mwekundu wa kutu. Ukihofia ekseli imepinda, toa gia, sogeza ncha ya waya karibu nayo, kisha izungushe taratibu. Ile nafasi ikiwa inapanuka na kubana, imepinda kweli, nunua nyingine.

Yangu ilikuwa beringi. Ilipotolewa ikadondosha maji ya kahawia, grisi hakuna. Kosa langu: nilikuwa naipeleka ufukweni Pangani, nikirudi nawapa vijana wa kuosha magari, nao wanaelekeza presha palepale kwenye sili, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye beringi. Chumvi ikaingia, maji yakafuata. Beringi iliyochoka nayo ikaila ekseli pale inapokaa, kwa hiyo beringi mpya peke yake isingesaidia. Ingezunguka juu ya chuma kilichopungua.

Fundi wangu wa sasa ni mzee, mkali, na huanza na jeki hata ukimwambia una haraka. Juzi kijana alikuja na hela ya ekseli mkononi. Mzee akatikisa, akaivua habu, akayapapasa meno, yakawa bado mazima. Akakaza nati, akatia kotapini mpya, kile kipini kinachozuia nati isilegee.

"Nikupe ngapi, mzee?"

"Ya soda. Na hiyo kotapini."