Ndala Mlangoni: Nani Azuiwe, Nani Apite?

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishavuma, joto la Dar es Salaam halina mswalie Mtume. Ndicho kipindi ambacho vidole vya watu hutoka nje. Mwanachuo anadandia daladala na yeboyebo, mhasibu anavua viatu chini ya meza na kutia sendo, shangazi anaingia benki na ndala zilezile alizoendea sokoni asubuhi. Ndicho pia kipindi ambacho walinzi wa mageti hupata kazi ya ziada ya kutazama watu miguuni.

Mabishano yanayofuata tunayajua. Wapo wanaosema ndala ni kiatu cha nyumbani, na anayekuja nayo ofisini kaja kudharau watu. Wapo wanaojibu kwamba mguu ni wa mwenyewe, joto ni la wote, na kilichomleta mtu pale ni shida yake, vidole vyake vinahusu nini? Mimi naona pande zote mbili zinagombania kiatu na kumsahau aliyekivaa. Swali langu la kwanza kwa mtu aliyesimama mlangoni na ndala ni hili: hapa yuko kazini, au kaja kuhudumiwa?

Tuanze na wanaokataa, maana hoja yao huchukuliwa kama kiburi tu wakati ina mizizi. Nyumba nyingi za kwetu zina jozi ya ndala za chooni. Zinakaa pale mlangoni, hazivuki koridoo, na mtoto akikutwa nazo sebuleni ataulizwa kama ana akili timamu. Gesti nazo hukata ncha ya ndala za wageni, au kuziandika namba ya chumba kwa rangi, zisije zikaondoka na mtu. Kwa aliyekulia katika mazingira hayo, kandambili ya mpira inanuka maji ya bafuni hata ikiwa imetoka dukani sasa hivi. Ukipeleka posa kwake na kandambili, usimlaumu akikuuliza umekuja kuoa au kuoga.

Hisia hiyo ni ya kweli na siwezi kuibeza. Inaanza kuyumba pale inapotumika kuhukumu kila kiatu kinachoonyesha vidole. Mzee wa pwani anayekwenda kwenye nikaha huvaa kanzu iliyopigwa pasi, koti, kofia, halafu mguuni anatia makubadhi ya ngozi. Vidole vyote kumi viko nje, na hakuna anayethubutu kusema hakuvaa kiheshima. Muscat, Oman, mtumishi wa serikali anakwenda ofisini na kanzu yake na viatu vya wazi vya ngozi, na hilo ndilo vazi rasmi la nchi. Kwamba heshima lazima ifungwe kwa kamba na kuwekewa soksi ni mazoea tuliyoyarithi kwa kiasi kikubwa kutoka ofisi za wakoloni, pamoja na tai. Waliotuachia walitoka kwenye baridi. Wao walikuwa na sababu.

Kinachozuiwa mlangoni, basi, ni mpira. Na nyuma ya mpira ipo bei. Sendo ya ngozi yenye shanga, iliyonunuliwa kwenye duka la watalii, inapita bila swali. Mgeni aliyeungua jua anaingia hoteli kubwa ya ufukweni na kandambili zilizojaa mchanga, na mlinzi anamfungulia mlango huku akitabasamu. Mlinzi huyohuyo anajua fika kwamba dada wa mtaani akija na kandambili za namna ileile ataulizwa anamtafuta nani.

Brazili wameishi kisa hiki kwa ukubwa kuliko sisi. Kandambili za Havaianas zilianza kutengenezwa huko mwaka 1962, zikiiga zori, ndala za Kijapani zinazosokotwa kwa majani ya mpunga. Ndiyo maana soli yake ina vinundu kama punje za mchele. Kwa miaka mingi zilikuwa kiatu cha kibarua na mpishi wa nyumbani, na mwenye uwezo hakutaka kuonekana nazo barabarani. Mwaka 1994 kampuni ikatoa toleo la rangi moja kwa bei ya juu zaidi, ikawalenga wenye nazo, na leo kandambili hizo zinauzwa kwenye maduka ya kifahari ya Ulaya. Mpira ni uleule. Kilichobadilika ni nani anaonekana amezivaa.

Hata hivyo umaarufu huo haukumfikia kila mtu. Mwaka 2007, katika mji wa Cascavel, jimbo la Paraná, hukohuko Brazili, jaji wa mahakama ya kazi aliahirisha kesi kwa sababu mfanyakazi wa shamba aliyekuja kudai haki yake alikuwa amevaa kandambili. Jaji aliona kiatu hicho hakilingani na hadhi ya mahakama. Nchi ilichachamaa, na baadaye serikali kuu iliamriwa kumlipa mfanyakazi huyo fidia. Miaka miwili kabla, yaani Julai 2005, mabinti wa timu ya lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, ya Chuo Kikuu cha Northwestern, mabingwa wa vyuo Marekani, walialikwa Ikulu ya Washington. Wakapiga picha na Rais George W. Bush, baadhi yao waliosimama mstari wa mbele wakiwa na kandambili. Picha ilipotoka, hata ndugu zao walishika vichwa, na magazeti yakabishana kwa siku kadhaa.

Visa hivi viwili vinafanana kwa mbali tu. Wanamichezo wale walikuwa na viatu vingine nyumbani. Walialikwa kwenye sherehe, walichagua, na wakakosolewa kwa chaguo lao. Hakuna aliyepoteza kitu zaidi ya kuchekwa. Mimi ningekuwa mjomba wao ningewasema pia. Yule wa shamba alikuwa mbele ya chombo cha dola, akitafuta kitu ambacho hakiwezi kupatikana kwingine. Kumrudisha kwa sababu ya mguu ni kumnyima haki kwa kosa la kutokuwa na fedha.

Ndipo ninapotofautiana na mabango ya mavazi kwenye mageti ya ofisi zetu. Serikali ya Tanzania ina Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Sina ugomvi nao. Anayelipwa mshahara kukaa mezani na kuhudumia wananchi anaweza kutakiwa avae vipi, kama anavyotakiwa kufika saa moja na nusu. Ila kanuni ya mtumishi imetoka mezani, ikatembea mpaka getini, na sasa inamsubiri mwananchi. Bango lina picha za nguo zilizokatazwa, na kwenye baadhi ya mageti kandambili nayo imo, imepigwa mstari mwekundu. Matokeo yake watu wanaazimana viatu: aliyemaliza shida yake anavua, mwenzake anavaa, ofisi inaridhika. Sijui nani ameheshimika hapo.

Wanaotetea bango wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema ukilegeza kwenye ndala, kesho mtu atakuja kifua wazi, na ofisi ya umma itageuka kijiwe. Wanasema pia kwamba Mtanzania huyohuyo asiyekuwa na viatu vya kwenda halmashauri huvipata akialikwa harusi. Hilo la pili lina ukweli fulani. Nawajua watu ambao wanavaa ndala kila mahali kwa uvivu mtupu. Lakini geti haliwezi kumtenganisha mvivu na asiyenacho, wala haliwezi kumtambua mjamzito wa miezi minane ambaye mguu wake umevimba na hauingii kwenye kiatu chochote chenye mdomo. Kanuni isiyoweza kuwatenganisha hao inapaswa kuegemea upande wa anayeumia zaidi ikikosea. Akiingia mvivu mmoja na ndala, ofisi imepoteza nini? Akirudishwa mama aliyepanda gari tangu alfajiri, amepoteza nauli na siku nzima.

Ukiacha adabu, ipo hoja ya afya, nayo imekuzwa pande zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, waliwapima wanafunzi na kutangaza mwaka 2008 kwamba anayetembea na kandambili hupiga hatua fupi kuliko akiwa na raba, kwa sababu vidole vinahangaika kukamata kiatu kisichomoke. Hiyo inaeleza uchovu wa misuli wanaoulalamikia wengi. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, waliwapima watu wenye ugonjwa wa baridi yabisi ya goti na kukuta kwamba mzigo unaoangukia goti ni mdogo mtu akiwa na kandambili kuliko akiwa na viatu vizito vya kuimarisha mguu. Ulikaribiana na wa mtu anayetembea peku. Kwa hiyo goti linasema hili na misuli inasema lile. Ninachoweza kushikilia bila wasiwasi ni mambo mawili. Kwenye udongo wenye minyoo ya safura au funza, ndala ni kinga halisi, na kuidharau ni anasa ya mtu ambaye hajawahi kukosa hata hiyo. Na mwenye kisukari asiitumie kwa safari ndefu: ganzi ikishaingia mguuni, ndala inaweza kuchomoka asijue, au mkanda ukamchubua katikati ya vidole na kidonda kikaanza kimyakimya.

Sasa twende mahali ambapo ndala inastahili kuzuiwa na hakuna anayeizuia. Simama karibu na jengo linalopanda ghorofa popote mjini. Vibarua wa zege wanabeba ndoo wakiwa na malapa, chini kuna misumari na vipande vya nondo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kiatu kigumu ni kimojawapo. Mwenye bodaboda naye anakanyaga gia na breki kwa kandambili, abiria nyuma yake hivyohivyo, na injini inachemka sentimita chache kutoka kwenye kifundo. Uingereza hawakupiga marufuku kuendesha gari na kandambili, ila mwongozo wao wa barabarani unamtaka dereva avae kiatu kisichomzuia kutumia pedali ipasavyo, na akisababisha ajali kwa sababu hiyo anaweza kujibu. Naona huo ni mwelekeo wa busara hata kwetu. Inashangaza kwamba tuna walinzi wa kukagua miguu kwenye milango ya ofisi zenye vigae, wakati kwenye misumari hakuna wa kuuliza.

Kuna na bahari. Kandambili ikikatika mkanda, wazee walikuwa wanapitisha waya au msumari chini ya soli, au wanaegesha kifuniko cha soda, maisha yanaendelea. Za siku hizi ni nyepesi mno, soli inachanika kabla ya mkanda, zinatupwa, na mvua inazipeleka mtoni. Kwenye kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, ambako karibu hakuna watu kabisa, watafiti walikadiria mwaka 2020 kwamba kuna kandambili zipatazo 360,000 zilizoletwa na mawimbi. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa maelfu ya vipande vya kandambili za rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ni kazi nzuri. Lakini hoja hii mara nyingi humwangukia mnunuzi wa mwisho, anayenunua jozi ya bei ya chini kwa sababu ndiyo aliyoimudu, ilhali aliyepunguza mpira na kuongeza hewa kwenye soli yuko kiwandani.

Nimebakiza shule, ambako msimamo wangu mwenyewe unapata taabu. Mwanafunzi yuko kundi gani? Halipwi, kwa hiyo si mtumishi. Lakini pia shule haimhudumii tu. Inamlea, na kumzoesha utaratibu ni sehemu ya kazi yake. Tanzania iliondoa ada kuanzia Januari 2016, kutoka elimu ya awali hadi kidato cha nne, ila sare na viatu vyeusi vimebaki kwa mzazi. Walimu wanaosisitiza viatu vyeusi wana sababu moja ambayo ninaikubali kabisa: mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuza mchicha wakivaa sawa, wanakaa sawa. Ukiruhusu kila mtu na kiatu chake, kesho darasa litakuwa na daraja la kwanza na la tatu.

Ila sare inayokusudiwa kuficha umaskini, ikimrudisha nyumbani mtoto aliyekuja na ndala, inakuwa imeuanika mbele ya darasa zima. Ningependa kanuni ibaki na adhabu iondoke. Mwalimu aandike jina, amwite mzazi, amuulize kwa faragha kuna nini nyumbani, na wakati huo mtoto awe ndani anasoma na ndala zake. Najua baadhi ya wazazi watalitumia hilo vibaya, na najua mwalimu mwenye watoto 90 darasani hana muda wa faragha na kila mzazi. Kamati za shule zingeweza kubeba sehemu ya mzigo huo, zikiwa na fungu hata dogo la viatu. Mpaka fungu hilo lipatikane, nachagua mtoto aliye darasani na ndala kuliko aliye barabarani nazo saa mbili asubuhi, akirudi kwao.