Boila yangu haijui vuguvugu

Leo asubuhi nimetoka bafuni nikiruka kama kuku aliyetoroka kwa maji ya kunyonyolewa, na saa moja nilikuwa stejini na tai yangu, shingo nyekundu, nikisalimia watu kwa heshima. Boila yangu inajua vitu viwili tu, kunyonyoa kuku na kugandisha samaki. Na hii baridi ya Julai hapa Nakuru mnaijua wenyewe.

Fundi alikuja jana. Tangu saa nne alikuwa "hapo tu karibu", akafika saa nane, mkononi ana simu peke yake. "Mkubwa, uko na bisibisi?" Nikatoa. "Testa je?" Nikatoa. "Na stuli?" Akapanda stuli ya mke wangu, akaiangalia boila vile daktari huangalia mgonjwa mwenye bima, akauliza, "Kwani nani alikuwekea hii?"

"Ni wewe."

Kimya.

"Aah, basi ilikuwa sawa, mmeichezea."

Akaanza kufungua kifuniko stima ikiwa inawaka, mimi ndio nikakimbia kuzima swichi kubwa, yeye ananiambia nisijali, amezoea. Ati thamostati, kile kidude cha kupangia joto, iko mwisho kabisa, digrii 75, inatakiwa 60, hapo vijidudu havizaliani kwa tangi na tokeni za stima hazikimbii. Nikaona huyu amesoma. Hata nilipiga hesabu, lita 50 kuzifikisha 60 ni kama yuniti mbili na nusu, ukienda 75 inapita tatu. Shida ni kwamba namba kwa hicho kidude zilifutika zamani, imebaki alama ya kujumlisha pekee, kwa hivyo akazungusha ameweka sikio karibu kama mwizi anafungua sefu ya benki. "Hapo. Umeskia?" Sikuskia kitu. Nikalipa 1,500. Bisibisi alienda nayo.

Akasema pia chuma cha ndani kimeshika ukoko wa chumvi, na hapo siwezi bishana, maji yetu yana floridi imetupaka meno rangi ya chai, sembuse chuma.

Landlodi alisema nizoee.

Mama Njeri naye, "Baba Njeri, si uchanganye na ya baridi?" Nichanganye na presha gani? Nikifungua ya baridi tone moja ile ya moto inakimbia kabisa, jiji tumekuwa tangu 2021 na mimi naoga kwa zamu na bomba! Halafu nikifungua mlango naiona volkeno ya Menengai hiyo imekaa, wamechimba visima huko mvuke unatoka wenyewe bila tokeni, Olkaria nayo, kule wanatoa stima kwa mvuke wa ardhini, iko kaunti hii hii, na mimi nabembeleza tangi la lita 50 kama mkwe.

Jioni nikaamua basi, nirudi kwa sufuria na karai kama zamani. Karai lenyewe limelowekwa njahi. Na hizo njahi nazo, siku hizi unauliza bei sokoni mama anakuangalia kwanza viatu ndio akujibu.