IM wa Kanda ni IM Kamili

Mchezaji wa sataranji wa huku kwetu akirudi kutoka mashindano ya kanda na herufi mbili mpya mbele ya jina lake, IM (International Master), pongezi hazijapoa, neno limeshaanza kupita: "Huyo ni IM wa kanda." Maana yake inaeleweka. Ni cheo cha chee, kilichookotwa ndani ya wiki moja kwa kuwafunga majirani, wala si kama cha yule aliyesota Ulaya miaka mitano akikusanya nomu. Wanaosema hivyo hawasemi kwa wivu tu, na hoja yao ina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba wanaukagua mlango mmoja kwa kurunzi na kuupita ule mwingine gizani.

Tukumbushane kwa ufupi. Shirikisho la dunia, FIDE, hutoa vyeo kupitia milango miwili. Wa kwanza ni wa hesabu: CM (Candidate Master) na FM (FIDE Master) hupatikana kwa kufikisha retingi, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, ya 2200 na 2300, ilhali IM na GM (Grandmaster), kilicho juu kuliko vyote, hudai retingi 2400 na 2500 pamoja na nomu, yaani matokeo ya mashindano yaliyofikia kiwango cha cheo chenyewe, na nomu hizo zikijumlishwa zifike michezo 27. Kwa kawaida ni nomu tatu za raundi tisa tisa. Mlango wa pili ni wa ubingwa. Ukishinda mashindano yaliyotajwa kwenye kanuni, cheo unakabidhiwa moja kwa moja. Bingwa wa kanda hupewa IM. Ndivyo Kenny Solomon wa Afrika Kusini alivyopata GM Desemba 2014, alipotwaa ubingwa wa Afrika mjini Windhoek bila kuwahi kufikisha retingi 2500.

Wanaoupinga mlango huu wa pili huanza na maana ya cheo. GM, wanasema, ni kipimo, si kombe. Kombe mtu anaweza kulibeba kwa wiki moja njema, lakini kipimo lazima kisomeke vilevile Dar es Salaam na Moscow. Vyeo rasmi vya kwanza vya GM vilitolewa mwaka 1950 kwa watu 27. Leo waliowahi kukipata wamepita 1,800, na kila mlango mwepesi unaongeza msongamano. Kwenye Olimpiadi ya sataranji mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwani kwa miaka kadhaa mchezaji aliyecheza michezo ya kutosha na kuvuna nusu ya pointi alipewa CM, na wapo waliokipata wakiwa na retingi chini ya 1800. Mzazi anayemlipa kocha kwa sababu ya herufi hizo ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Hoja yao nzito kuliko zote husemwa mara chache: cheo hakiishii kwa mwenyewe. Anayetafuta nomu ya GM lazima akutane na ma-GM wasiopungua watatu, na nusu ya wapinzani wake wawe na vyeo. GM aliyepewa cheo kwa ubingwa huhesabiwa hapo kama GM mwingine yeyote. Kwa hiyo cheo chepesi cha leo kinaweza kumrahisishia mwingine kesho, na udhaifu ukazaliana.

Hili linahitaji jibu, na majibu yapo mawili. Kwanza, kuhesabiwa kwenye idadi hakumwinui mtu kwenye wastani. Wapinzani wa nomu ya GM lazima wawe na wastani wa retingi usiopungua 2380, na mwenye retingi 2300 anauteremsha wastani huo hata akiwa na cheo kikubwa namna gani. Pili, FIDE yenyewe iliziba sehemu ya tundu hilo kwa kuweka kima cha chini. Aliyeshinda cheo kwa ubingwa hakitumii mpaka awe amewahi kufika 2300 kwa GM, 2200 kwa IM, 2100 kwa FM na 2000 kwa CM. Akiwa chini ya hapo, cheo kinamsubiri. Wanaoendelea kuwasema ma-CM wa 1700 wanapigana na kanuni iliyokwisha kubadilishwa.

Sasa tuukague mlango wa kwanza, huu unaosifiwa kuwa wa jasho tupu.

Nomu ya IM inadai kiwango cha uchezaji cha 2450 katika michezo tisa. Jedwali la FIDE ndilo linalotafsiri. Wapinzani wakiwa na wastani wa 2230 unahitaji pointi 7 kati ya 9. Wakiwa 2284, pointi 6.5, wakiwa 2325, pointi 6, wakiwa 2370, pointi 5.5. Wakiwa chini ya 2230 hakuna nomu kabisa. Hapo ndipo msomaji atue kidogo, kwa sababu kanuni inasema hivyo bila kujali umepata ngapi. Mchezaji wa Kampala au Nairobi akiingia mashindano ya wazi ya nyumbani, akapangwa na wapinzani wenye wastani wa 1900, akawafunga wote tisa bila sare, hana nomu. Mwamuzi mkuu hana cha kuandika kwenye fomu ya IT1, ambayo ndiyo cheti cha nomu. Mwenzake wa Budapest, Hungary, aliyepoteza michezo miwili na kushinda saba, wapinzani wake wakiwa na wastani wa 2230, anajaziwa fomu na kuondoka nayo.

Tena wastani peke yake hautoshi. Angalau watatu kati ya wapinzani wawe IM au GM. Nusu yao wawe na vyeo, na CM haihesabiwi hapo. Wasizidi theluthi mbili kutoka nchi moja, na wanaotoka nchi yako wasizidi tatu ya tano, halafu patikane angalau mashirikisho mawili tofauti na lako. Mpinzani mmoja tu mwenye retingi ndogo ndiye anayeruhusiwa kuinuliwa kwenye hesabu, hadi 2050. Kwenye mashindano ya mfumo wa Uswisi, ambako kila raundi wenye pointi zinazokaribiana hupangwa pamoja, mambo huharibikia hapa: raundi ya saba una pointi za kutosha, raundi ya nane unapangiwa kijana wa 1650 aliyekuwa na wiki ya bahati, naye ni wa pili wa aina hiyo kwenye orodha yako. Wastani unaporomoka. Umeshinda mchezo, umepoteza nomu.

Retingi nayo ina mtego wake. Mchukulie mchezaji wa 2150 asiyetoka nje ya nchi, ambaye wapinzani wake wengi wako 1750 au chini. Tofauti ikizidi 400 huhesabiwa kama 400, na kwa tofauti hiyo hesabu inamtarajia avune 0.92 ya pointi kila mchezo. Mgawo wa mabadiliko, yaani namba inayozidishwa na tofauti kati ya matokeo na matarajio, kwa mchezaji wa kiwango chake ni 20. Akishinda anapata 1.6. Akitoka sare anapoteza 8.4. Akifungwa zinaondoka 18.4. Ili apande kutoka 2150 hadi 2400 kwa wapinzani hao anahitaji ushindi 157 mfululizo, bila sare hata moja, na kila sare inayomponyoka inakula jasho la michezo mitano. Na hao vijana wa 1750 si wa 1750 kweli. Wanafundishwa shuleni, wanasoma kwenye simu usiku, wanapanda upesi kuliko retingi zao zinavyoweza kuwafuata, na wanachota pointi za wakubwa wao huku nchi nzima ikibaki palepale kwenye orodha ya dunia. Mtu anaweza kuwa bora mwaka huu kuliko mwaka jana na retingi yake ikashuka.

Kwa hiyo mlango wa kwanza unapima uchezaji, ndiyo, ila unapima pia pasipoti na nauli. Mwaka 2021 Abhimanyu Mishra wa Marekani aliweka rekodi ya GM mdogo kuliko wote, akiwa na miaka 12, miezi 4 na siku 25. Alikaa Budapest kwa wiki nyingi akicheza mashindano ya nomu moja baada ya jingine, na nomu ya mwisho aliipata kwa pointi 7 kati ya 9. Hakuna wa kumpunguzia mtoto yule sifa. Kumi na mbili ni kumi na mbili. Lakini mashindano yale yaliandaliwa kwa kusudi hilohilo, hesabu za wastani na uraia zikiwa zimekamilishwa kabla ya raundi ya kwanza. Mbona hatusikii mtu akimwita "GM wa Budapest"?

Uweke mkabala na Amon Simutowe wa Zambia. Mwaka 2000 mjini Yerevan alishika nafasi ya pili kwenye ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20. Wa pili duniani. Nomu yake ya mwisho ya GM aliipata Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, na cheo rasmi kikaja 2009, baada ya masomo Marekani yaliyomweka karibu na mashindano yenye wapinzani wa kutosha. Robert Gwaze wa Zimbabwe alicheza ubao wa kwanza, ule wa wachezaji wakuu wa timu, kwenye Olimpiadi ya Bled mwaka 2002 akashinda michezo yake yote tisa na kutwaa medali ya dhahabu ya ubao huo. Tisa kwa tisa, ubao wa kwanza, Olimpiadi. Hadi leo ni IM. Anayeamini kwamba hesabu huwa zinamfikia kila anayestahili, na ayatazame majina hayo mawili.

Usafi wa mlango huo nao usitiwe chumvi. Alexandru Crișan wa Romania alikuwa na cheo cha GM na retingi iliyopita 2600 kwa matokeo ya mashindano yaliyotiliwa shaka. Alipoingia mashindano ya kweli nchini Slovenia mwaka 2001 alipata nusu pointi katika michezo tisa, na FIDE ikamvua cheo mwaka 2015. Nomu ni karatasi, na karatasi hughushiwa. Ubingwa wa kanda huchezwa mbele ya wapinzani wenye njaa ya cheo hichohicho. Kila mmoja wao ana sababu ya kukuangalia vidole. Na hao 27 wa mwaka 1950? Hawakuwa na nomu hata moja. Nomu hazikuwapo. Walitajwa kwa majina, na baadhi yao, kama Rubinstein na Maróczy, walitunukiwa kwa kazi waliyoifanya miongo kadhaa nyuma. Cheo hiki kilizaliwa kikiwa cha kutunukiwa, na hakuna aliyekidharau.

Hata mlango wa Olimpiadi, huo uliokuwa mwepesi kuliko yote, haukuwa wa hasara tupu. Mwaka 2012 mjini Istanbul, Phiona Mutesi na Ivy Amoko walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo, WCM, yaani CM ya wanawake. Klabu iliyokuwa ikijieleza kwa nusu saa mbele ya mfadhili ilianza kueleweka kwa herufi tatu.

Lakini faida kubwa ya vyeo vya ubingwa iko kwenye hesabu ileile inayotubana. Ili nomu ya IM ichezwe nyumbani, kinachohitajika ni ma-IM watatu, wengine wenye FM kukamilisha nusu, wageni wa kutosha, na wastani wa 2230. Wapinzani watatu wenye 2350 na sita wenye 2170 wanatoa 2230 kamili. Hao wa 2170 wapo tayari Afrika Mashariki. Waliokosekana kwa miaka mingi ni watatu wale wa juu wenye vyeo, kwa sababu kumwalika IM kutoka Ulaya ni tiketi, hoteli ya siku kumi na posho, mara tatu. Uganda ina kina Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, na IM anayesafiri kwa basi kutoka Kampala hadi Nairobi anagharimu sehemu ndogo tu ya hiyo. Kila bingwa wa kanda anayepata cheo chake ni kiti kimoja kilichojazwa kwenye meza ya nomu ya mwenzake. Udhaifu kuzaliana, wanasema wapinzani. Mbona nguvu nayo huzaliana kwa njia hiyohiyo, ilimradi wastani unasimamiwa?

Kama kuna la kukaza, likazwe kwenye CM: kima cha 2000 kingeweza kusogezwa hadi 2050 bila kumuumiza anayestahili. IM wa kanda aachwe kama alivyo.

Kuna jambo moja waandaaji wetu wangeweza kulifanya hata msimu ujao. Mashindano ya kanda yakiisha, wageni wenye vyeo wako palepale na tiketi zimeshalipwa. Wazuieni siku tano. Kanuni za nomu zinaruhusu raundi mbili kwa siku, hivyo raundi tisa zinaenea ndani ya siku hizo. Chagueni kumi, pigeni wastani wa kila mchezaji peke yake kabla ya kupanga raundi, maana wastani wa meza nzima hautoshi kuonyesha nani ana nafasi na nani hana. Hesabuni vyeo, hesabuni nchi. Siku ya mwisho fomu za IT1 zijazwe na kutiwa saini na mwamuzi mkuu ukumbini, kabla watu hawajaondoka kwenda uwanja wa ndege.